Juisi ya ndimu na machungwa ya kupoza joto la kaskazi, na vile ya kuifanya isitoke tungu

Kaskazi ikishika hapa Mombasa, haswa Februari na Machi, joto linafika 32 na kupita na ule unyevu wa bahari juu yake, yani unaoga unajifuta na kabla hujamaliza kufunga vifungo vya shati ushalowa tena. Soda baridi unakunywa, dakika kumi kiu imerudi na mdomo unanata. Mimi hizo nshaacha kitambo, kwangu friji haikosi jagi la ndimu, machungwa na tangawizi, na kila mgeni akija ananiuliza mbona yako haina ule uchungu wa nyuma ya ulimi, sasa ndo nmeamua niandike yote mara moja manake kumwelezea kila mtu kwa simu nmechoka.

Nianze na aibu yangu kwanza. Mara ya kwanza kuifanya ilikua Ramadhani, nkataka kujionyesha kwa familia, nkachukua ndimu nkazikata vipande vinne vinne nkazitupa kwa blenda na maganda yake na kokwa zake zote, nkasaga, nkatia sukari, nkachuja, ikatoka rangi ya kijani ina povu juu, ukiiangalia mashallah. Magharibi ikaadhiniwa, ami yangu akala tende yake akapiga funda moja, akaregesha gilasi mezani polepole akaniuliza, "Mwanangu, hii ni dawa ya nini?" Ilikua tungu kuliko kahawa tungu yenyewe, na kila ikikaa pale mezani ndo inazidi. Jagi zima likamwagwa. Khala wangu wa Kibokoni, dada yake mama, hakusema kitu usiku ule, kesho yake baada ya alasiri akanipigia simu, "Njoo na ndimu zako, blenda iwate huko huko."

Nkaenda. Na kitu cha kwanza alichonionyesha ni kukata ndimu moja nusu akanigusisha kidole kwenye ule utando mweupe ulio baina ya ganda na nyama, akaniambia lamba. Haya, huo ndo uchungu wenyewe. Maji ya ndimu ni makali, ni machachu, lakini si machungu, uchungu uko kwa huo utando na kwa kokwa, na blenda inavisaga vyote viwili inavichanganya na maji mpaka huwezi tena kuvitoa hata ukichuja na kitambaa mara tatu. Kisha kuna ule uchungu mwengine unaokuja baadae, ndo ule wa juisi ya machungwa umeikamua asubuhi tamu kabisa na jioni ukiionja unashangaa imekuaje, hio ni kwa sababu kuna kitu ndani ya tunda ambacho tunda likiwa zima hakina ladha, ukishalikamua kinakutana na ile asidi na kinageuka kuwa kichungu taratibu taratibu. Ndo maana juisi hii haifanywi leo ikanywewa kesho kutwa.

Sasa twende sokoni. Mimi naenda Marikiti manake ni karibu, kama unataka nyingi za shughuli au arusi nenda Kongowea asubuhi mapema. Ndimu usichague kwa rangi ya kijani inayong'aa, hapo ndo wengi wanaumia, ndimu ikiwa kijani kibichi na ngumu kama jiwe ndani haina maji. Tafuta ile iliyoanza kugeuka manjano, ganda laini jembamba, ukiishika mkononi unahisi uzito. Kwa macho ya mtu wa duka kubwa hio imezeeka, kwa sisi ndo imeiva. Machungwa nayo ni kinyume cha vile watu wanavodhani, chungwa la kijani la pwani laweza kuwa limeiva na tamu tele, halijageuka rangi tu kwa sababu usiku wa huku hakuna baridi ya kulifanya ganda ligeuke, kwahivo usilipite ukakimbilia lile la rangi kali lililotoka mbali. Mengi ya kijani tunayokula hapa yanavuka Lunga Lunga kutoka Muheza kule Tanga. Angalia uzito tu, na ganda lisiwe nene lenye mabonde mabonde.

Na ndimu si limau jamani. Watu wa bara wengi wakisema ndimu wanamaanisha chochote kikali, lakini ukimwambia muuzaji wa hapa nipe limau atakupa lile kubwa, ganda lina matuta, maji mengi lakini harufu yake si kali kama ya ndimu. Limau linafaa pia kama ndimu zimepanda bei, na kaskazi huwa zinapanda kweli, fungu linapungua na bei inaongezeka siku moja. Ukibahatika kupata danzi usiliwate, lile chungwa chachu ambalo siku hizi vijana wengi hata hawalijui, danzi mbili ndani ya jagi zinatia harufu ambayo ndimu peke yake haiwezi. Balungi mimi sitii, lina uchungu wake wa asili, na nshasema uchungu sitaki.

Ntoke nje ya mada kidogo. Kuna watu wanaona hizi juisi za ndimu ni mambo ya mahoteli ya Nyali yaliyoletwa na watalii. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 na matunda aliyoyataja kuyakuta hapa ni ndizi na malimau, na jengine tamu la kokwa ambalo wengi wanasema ni zambarau. Vasco da Gama nae alipotia nanga hapa Aprili 1498 mabaharia wake kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, kilikua kimewatesa njiani, ufizi umevimba hata kutafuna shida, mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo na machungwa na malimau na miwa kwa wingi, wale wagonjwa wakapata afya, na Wareno wenyewe wakaandika kwamba ni hewa ya mji huu ndo nzuri. Hewa! Hewa hii hii ya kukaa unajipepea na gazeti. Mpaka mwaka 1747 ndo daktari mmoja wa meli za Waingereza, James Lind, akawapa mabaharia wa kiseyeye machungwa mawili na limau moja kila siku na wakainuka haraka kuliko wenzao waliopewa vitu vyengine. Basi ukikamua ndimu usijione unaiga mtu.

Haya, jagi la lita mbili, watu sita saba wanakunywa: ndimu ndogo kumi, zikiwa na maji mengi hata nane, unatafuta nusu kikombe cha maji ya ndimu. Machungwa sita ya kadiri, yatoe kama vikombe viwili. Sukari kikombe kimoja. Tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, wanaopenda kuwasha vipande viwili. Iliki nne. Chumvi, ntaisema mbele. Nanaa fungu dogo. Maji safi yaliyopoa lita moja na kikombe kimoja zaidi cha kupikia shira.

Shira ndo unaanza nayo, na hapa najua kuna mtu atasema ya nini kupika si nitie sukari tu nikoroge. Tia, kisha uje uone ile sukari imekaa chini ya jagi kama mchanga wa Nyali, gilasi za kwanza kali mno, za mwisho shira tupu, watoto wanapigania ya mwisho. Sukari haipendi maji baridi. Kwahivo kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji kwenye moto mdogo, koroga mpaka uone chini kweupe, hatutaki shira nzito ya kaimati hapa, ikichemka dakika mbili zima. Tangawizi uwe ushaiponda kwa kinu, usiisage, ukiisaga inatoa ule unga mweupe unaotuama chini, iponde tu pamoja na iliki uitumbukize ndani ya shira ikiwa bado ya moto, funika, iwate nusu saa ipoe yenyewe. Kisha chuja. Shira hii ukiitia kwa chupa safi ndani ya friji inakaa wiki moja bila shida, mimi hufanya ya vikombe vitatu kabisa Jumapili kisha siku za kazi nakamua ndimu tu.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao si wa khala, ni wangu, yeye ananicheka. Kabla hujakata ndimu chukua mbili tatu uzikwaruze kwa greta ile ngozi ya juu kabisa ya rangi, ukiona nyeupe simama hapo hapo, kisha ile ngozi uifikiche na sukari kwa vidole mpaka sukari ilowe na nyumba nzima inukie. Harufu ya ndimu iko kwa mafuta ya ganda, maji yake ni ukali tu, na sukari inayafyonza yale mafuta. Hio sukari sasa ndo unaipikia shira, ila moto usizidi, ikishayeyuka tu toa. Utaona tofauti.

Kukamua. Ndimu zikitoka kwa friji zitie kwanza kwa maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha kila moja uivingirishe juu ya meza kwa kiganja ukiikandamiza mpaka uhisi imelegea, hapo vijumba vya ndani vimepasuka na maji yatatoka bila vita. Kata kwa upana, usikate kwa urefu kutoka kikonyo, na ukamue kwa mkono ukiachia chujio chini ya kukamata kokwa. Na usikamue mpaka tone la mwisho kama unafua shati, ukiminya sana ndo ule utando unaanza kutoa uchungu wake na umerudi kule kule kwa ami yangu. Machungwa hivo hivo. Na bakuli liwe la gilasi au la plastiki au stili, sufuria zetu hizi nyingi ni aluminiamu, ndimu ikikaa ndani yake inaila na juisi inapata ladha ya bati.

Mikono nayo ioshe kwa sabuni mpaka viwiko kabla hujatoka nje, si utani huu. Mimi siku moja nlikamua ndimu za watu arubaini nkajipangusa na kitambaa tu nkaenda zangu ufuoni mchana wa saa saba, baada ya siku mbili mkono umekua mwekundu unawaka kama nimemwagiwa maji moto, kisha ukaniachia mabaka meusi wiki kadhaa, watu wanauliza umeungua na nini. Maji ya ndimu juu ya ngozi yakipigwa na jua yanaunguza. Na watoto pia wanaochezea maganda, waoshe.

Sasa kuchanganya, na hapa ndo khala ana ukali wake. Jagini linatangulia maji, kisha shira lakini usimimine yote, wata robo, kisha maji ya machungwa, koroga, onja. Ndimu ya mwisho. Nlimuuliza kwanini akaniambia, "Ukali ukizidi huwezi kuutoa mwanangu, utaongeza sukari, kisha maji, kisha sukari tena, mwisho uwe na ndoo." Kwahivo unamimina ndimu kidogo kidogo ukionja kila mara, machungwa ya leo si ya jana, mengine matamu yanabeba ndimu zote kumi na mengine yenyewe ni machachu ukizitia zote meno yanakufa ganzi. Na harufu ya ndimu inapotea upesi ikishakamuliwa, ile uliyokamua asubuhi ukainywa usiku ina ukali lakini haina roho. Kamua karibu na wakati wa kunywa. Kuipika ndo kabisa usithubutu.

Chumvi: robo ya kijiko cha chai kwa jagi zima, hata pungufu. Huisikii kama chumvi, lakini inazima uchungu mdogo uliobakia na kuutoa utamu mbele, ndo maana wale babu zetu wakila embe bichi au balungi wanachovya chumvi. Wahindi wa mjini wanatia na bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa kwenye maji yao ya ndimu, mimi naipenda, nyumbani kwangu hawaitaki, kwahivo naitia kwa gilasi yangu peke yangu.

Kumbuka tu ukionja ikiwa ya joto la kawaida iwe imezidi kidogo, tamu kidogo zaidi na kali kidogo zaidi ya unavotaka, manake baridi inaficha utamu na barafu nayo ikiyeyuka inapunguza. Wengi wanaipatia kabisa mezani, ikitoka kwa friji wanasema imekua maji.

Maji yenyewe ndo yameharibu juisi nyingi za mji huu kuliko ndimu. Sote tunajua bomba linatoka siku linapotaka, siku nyengine zote ni maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi, chai yenyewe unaisikia. Usifanye juisi na maji ya kisima hata ukiyachemsha, chumvi haitoki kwa kuchemsha, inazidi. Nunua maji ya kunywa au tumia ya bomba uliyoyachemsha yakachemka vizuri ukayawata yapoe yamefunikwa. Na barafu iwe ya maji hayo hayo, watu wanachemsha maji kwa bidii kisha wanaenda kununua barafu ya mfuko wasiyojua imegandishwa na maji gani, na kipindupindu kikiingia mji huu hakibishi hodi. Mimi nagandisha maji ya machungwa kwenye visahani vya barafu, nayatumia badala ya barafu, yakiyeyuka juisi haipungui nguvu. Ndimu zikiwa rahisi baada ya mvua kubwa nafanya hivo pia na maji ya ndimu, kisha nayatoa natia kwa mfuko, harufu si ile ya ndimu mbichi lakini kaskazi ikija bei imepanda unashukuru.

Stima ikipotea, na inapotea, tumia mtungi wa udongo kupoza maji, maji peke yake, juisi changanya kwa gilasi. Usitarajie makubwa lakini. Mtungi unapoa kwa maji kutoka jasho na kukauka na upepo, sasa hewa ya huku imejaa unyevu, hayakauki haraka, haupoi kama wa Garissa. Uweke dirishani panapopita upepo wa bahari, bora kuliko kitu.

Nanaa inaingia mwisho kabisa, usiisage, piga majani kwa viganja viwili mara moja kama unapiga kofi kisha yatupe ndani. Ukiisaga inageuka rangi ya matope. Asiekua na nanaa atie mchaichai kwenye shira pamoja na tangawizi.

Ukitaka kuibadilisha, badala ya maji tia maji ya madafu na upunguze shira nusu, hio ndo ya futari kwangu sai, mtu ametoka kufunga saa kumi na tatu hivi mwili unaipokea vizuri. Pasheni mbili tatu zikichujwa zinaenda na machungwa sana. Juisi ya miwa na ndimu na tangawizi ile ya Lighthouse, pale kando ya bahari, ndo bora kuliko zote, lakini hio mashine ya kukamulia nani anayo nyumbani, hio nenda kainywe pale pale jioni na mihogo yako ya pilipili na ndimu ukiangalia meli zinaingia.

Na tafadhali wale wa "inayeyusha mafuta ya tumbo", haiyeyushi chochote, ni juisi na ina kikombe cha sukari ndani. Mwenye ugonjwa wa sukari mtilie maji na ndimu na chumvi na nanaa bila shira na bila machungwa, mwenye vidonda vya tumbo aende nayo pole, na baada ya kunywa sukutua kwa maji tu, usikimbilie mswaki hapo hapo, asidi inalainisha meno na mswaki unayakwangua.

Maganda usitupe. Yaliyokamuliwa yasugulie ubao wa kukatia samaki na mikono yako, shombo linakatika lote, kisha yatumbukize kwa sufuria iliyoingia weusi na maji kiasi uichemshe, itang'aa ukajiona. Ila sufuria hio sasa ni aluminiamu na hapo ndimu kuila kidogo ndo tunachotaka, maji yake mwaga.